Jeremiah Nyagah: Miaka 34 ya kuuliza na kuulizwa Bungeni

MSAFIRI aondokaye mjini Embu kwenda Meru kwa barabara inayozunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya hupita Runyenjes kabla ya kuvuka Mto Thuci na kuingia upande wa Chuka. Juu ya mji, karibu na msitu, hulimwa chai. Katikati ni kahawa. Chini, kuelekea nyanda kavu za Mbeere, ni mahindi, kunde na mifugo. Katika nchi hiyo, kwa miaka mingi, karo ya watoto na bati la nyumba vilitegemea karatasi moja ndogo itokayo katika chama cha ushirika, iliyoandikwa kilo, bei na makato.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini anakumbuka jinsi wazee walivyonyamaza pale redio ilipoanza kusimulia habari za Bunge. Hawakungoja hotuba. Walingoja kusikia iwapo swali la kahawa limeulizwa, na waziri amejibu nini. Na waziri huyo, katika sehemu kubwa ya miaka ya 1970, alikuwa mwana wa Embu: Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah.

Nyagah hakuwa mbunge wa Runyenjes. Eneo lake lilikuwa Embu Kusini, ambalo baadaye liliitwa Gachoka, chini huko Mbeere. Hata hivyo, wakulima wa Embu nzima walimhesabu kuwa wao, kwa sifa na kwa lawama pia. Aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria na kisha Bunge tangu mwaka wa 1958 hadi 1992. Miaka ya mwanzo alikuwa upande wa wanaouliza. Iliyobaki, kwa sehemu kubwa, alikuwa upande wa wanaojibu. Ni Wakenya wachache walioijua meza ile kutoka pande zote mbili kwa muda mrefu kiasi hicho, na ndiyo sababu maisha yake yanafaa kutazamwa na yeyote anayetaka kujua jinsi serikali yetu ilivyozoea, au ilivyokataa kuzoea, kuhojiwa juu ya fedha za umma.

Alizaliwa mwaka wa 1920 katika wilaya ya Embu, wakati ambapo shule zilikuwa chache na wamisionari ndio waliozishika. Alipita katika Shule ya Upili ya Alliance, kisha akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, njia iliyowapitisha karibu viongozi wote wa kizazi chake. Alirudi akawa mwalimu. Waliomfahamu wanasema ualimu haukumtoka hata alipokuwa na bendera garini: alizungumza polepole, alikamilisha sentensi zake, na hakupenda kupaaza sauti. Katika chama cha Skauti, ambako alipanda hadi uongozi wa juu wa kitaifa, alipata mahali pa kuutumia upole huo bila siasa kuuharibu.

Siasa ilimkuta Embu katika kipindi kigumu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwaka wa 1952, na Waembu, pamoja na Wakikuyu na Wameru, waliwekwa katika fungu moja la watu wasioaminiwa na serikali. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulipofanyika Machi 1957, watu wa Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulijumuisha Embu na Meru, hawakuruhusiwa kupiga kura bila kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Juu ya hayo, kura zilihesabiwa kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi wa mtu, hata mmoja akaweza kuwa na kura moja na jirani yake tatu.

Katika uchaguzi huo Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimwangusha Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo mwaka wa 1944. Kwa zaidi ya miaka kumi Mathu ndiye aliyewasumbua maofisa wa Gavana kwa maswali kuhusu kipande, ardhi na kodi. Kushindwa kwake kulitokana kwa sehemu kubwa na hesabu ya vyeti: Wakikuyu wengi walikuwa wamefungiwa nje ya kura, na Wameru walioruhusiwa walikuwa wengi. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hadi 14, Mkoa wa Kati ukagawanywa, na Nyagah akachaguliwa kuwakilisha Nyeri na Embu. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Baraza aliloingia lilikuwa na desturi za Uingereza. Mjumbe aliandika swali lake, akalipeleka kwa Karani, likapangwa katika orodha, kisha ofisa wa serikali akasimama siku iliyowekwa na kusoma jibu. Baada ya jibu kulikuja maswali ya nyongeza, na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipokuwa. Jibu la kwanza liliandikwa na makarani wa wizara wakiwa wametulia ofisini. La pili alilitoa ofisa mwenyewe akiwa amesimama, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama usoni.

Waafrika 14 hawakuweza kuishinda serikali kwa kura. Silaha waliyokuwa nayo ilikuwa kuuliza, na mwaka wa 1959 uzito wa silaha hiyo ulionekana wazi. Tarehe 3 Machi wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulithibitisha kwamba walipigwa. Maelezo yale ya maji yalipinduliwa kwa kuhojiwa, Nairobi na London, hadi Bunge la Uingereza likakesha likijadili jambo hilo mwezi Julai. Nyagah alikuwa mjumbe wakati huo. Kwa mtu wa Embu, ambaye watu wake walikuwa katika kambi za namna hiyo, somo lilikuwa karibu sana: jibu la serikali laweza kuwa na mhuri wote na bado lisiwe kweli.

Alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Kiafrika waliokwenda katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka wa 1960. Uhuru ukaja mwaka wa 1963, Embu na Meru zikahamishiwa Mkoa wa Mashariki, na Nyagah akawa mbunge wa Embu Kusini kwa tiketi ya Kanu. Haukupita muda akavuka sakafu, si kwenda chama kingine, bali kwenda upande wa serikali.

Hapa panahitaji maelezo kidogo kwa msomaji kijana, ambaye amezoea mawaziri wasiokuwa wabunge. Hadi uchaguzi wa mwaka wa 2013, waziri wa Kenya alikuwa kwanza mbunge. Aliketi mstari wa mbele, na katika saa ya kwanza ya kikao alipaswa kujibu maswali ya wenzake ana kwa ana. Wengi waliwatuma mawaziri wasaidizi. Wengine hawakufika kabisa, swali likaahirishwa wiki baada ya wiki. Katiba ya mwaka wa 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni, wakawa wanahojiwa mbele ya kamati, mpaka mwaka wa 2023 kanuni za Bunge ziliporekebishwa ili warudi kujibu maswali katika ukumbi wenyewe. Kwa hiyo ubishi tunaousikia siku hizi, wa iwapo waziri afike mwenyewe au atume barua, si mpya hata chembe.

Somo la kwanza la Bunge la Kenya huru juu ya waziri na fedha halikumhusu Nyagah, lakini lilitokea jirani. Mwaka wa 1965 mahindi yalipungua nchini, wabunge wakaanza kuuliza yalikokwenda, na lawama zikamwelekea Paul Ngei wa Machakos, aliyekuwa waziri wa ushirika na masoko. Tume iliyoongozwa na Jaji Chanan Singh ikaundwa, Ngei akasimamishwa kazi, na ripoti ikatolewa mwaka wa 1966. Ngei alirudishwa katika Baraza la Mawaziri. Wabunge walijifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba swali laweza kumng'oa waziri kitini, na kwamba aliye juu ya wote aweza kumrudisha.

Katika miaka hiyo hiyo Nyagah alikuwa Waziri wa Elimu. Aliikuta kelele ya mishahara. Walimu waliajiriwa na mabaraza ya wilaya, makanisa na serikali, kila mwajiri kwa masharti yake, na mabaraza mengi hayakuwa na fedha za kuwalipa kwa wakati. Wabunge waliuliza kila mara kwa nini mwalimu wa kijijini anafundisha miezi bila mshahara, nani anazishika fedha hizo, na zimesimama wapi kati ya Nairobi na darasa. Mwaka wa 1967 sheria iliunda Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, nayo ikawaweka walimu wote chini ya mwajiri mmoja. Chama cha walimu ndicho kilichopigana vita hivyo kwa migomo, na haifai kumpa waziri sifa isiyo yake. Lakini waziri aliyekuwa amewahi kushika chaki hakuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya mshahara uliochelewa.

Kisha ikaja Kilimo, wizara aliyoipokea mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya Bruce McKenzie, akaishika karibu mwongo mzima. Hakukuwa na wizara iliyoulizwa maswali mengi zaidi, kwa kuwa karibu kila mbunge alitoka mahali penye zao fulani na bodi fulani. Pesa za mkulima hazikupita katika wizara moja kwa moja. Zilipita kwa Bodi ya Kahawa, kwa chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KPCU, kwa vyama vya ushirika vya wilaya, na kwa upande wa chai kwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai, KTDA, iliyoundwa mwaka wa 1964. Mbunge alipouliza kwa nini mkulima wa Embu amelipwa kidogo, waziri aliweza kusema kweli tupu kwamba wizara haikuzigusa fedha hizo, na mwulizaji akabaki na karatasi ya makato mkononi. Kila mlango ulikuwa na mlinzi wake, na kila mlinzi alielekeza kidole kwa mwenzake.

Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Bunge litumie Kiswahili. Mawaziri waliosoma Makerere na Uingereza wakalazimika, karibu kwa usiku mmoja, kueleza ruzuku, riba na akiba ya nafaka kwa lugha ya soko. Wapo waliogugumia, na wapo wabunge waliokuwa kimya miaka mingi ambao ghafla walipata ulimi. Lakini jambo moja halikubadilika: miswada na makadirio ya fedha viliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge aliweza kuuliza kwa lugha ya wapiga kura wake, ila tarakimu alizozihitaji zilikaa katika lugha nyingine. Mwaka wa 1979 Kiingereza kilirudishwa katika mijadala sambamba na Kiswahili.

Mwaka wa 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na kati ya 1976 na 1977 bei ya dunia ikapaa kuliko ilivyowahi kuonekana. Kenya ikaingia katika neema ambayo wazee hawajaisahau. Kahawa ya magendo ilifurika kutoka Uganda ya Idi Amin kupitia Chepkube, mpakani magharibi, na watu wakatajirika usiku. Miteremkoni mwa Mlima Kenya nyumba za mawe zilichipuka. Neema hiyo ndiyo iliyofanya maswali yawe makali zaidi, si mapole. Mkulima anayepata kidogo wakati bei iko chini husema ni mapenzi ya Mungu. Anayepata chini ya matarajio huku redio ikitangaza bei ya London huuliza nani amekaa katikati. Waziri wa Kilimo ndiye aliyekuwa mbele ya swali hilo.

Maofisa wengi wa serikali nao walikuwa wamegeuka wakulima na wafanyabiashara. Tume ya Duncan Ndegwa, katika ripoti yake ya mwaka wa 1971, ilikuwa imekubali watumishi wa umma wafanye biashara zao. Tangu hapo mtu aliyeandika jibu la waziri aliweza kuwa na shamba, lori au hisa katika jambo hilo hilo linaloulizwa. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi mwingine ulioudhoofisha wakati wa maswali kuliko huo.

Na ulikuwako mpaka ambao mwulizaji hakuruhusiwa kuuvuka. Machi 1975 aliuawa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyekuwa akiishutumu serikali kwa ulimbikizaji wa mali. Kamati teule ya Bunge ilichunguza, na mwezi Juni ripoti yake ilikubaliwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na wabunge wa viti vya nyuma, walifutwa kazi. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku, mwulizaji mkuu wa zama hizo, alikamatwa katika majengo ya Bunge pamoja na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney. Wote wawili wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Nyagah hakufutwa na hakukamatwa. Alikuwa waziri aliyefuata kanuni ya uwajibikaji wa pamoja, akabaki kazini. Hapa ndipo wanaomwandikia wasifu huharakisha mwendo, na sioni sababu ya kuharakisha. Mtu yule yule aliyekuwa Barazani mwaka wa 1959, pale maelezo ya maji ya Hola yalipovunjwa kwa maswali, mwaka wa 1975 alikuwa katika serikali iliyowafungia waulizaji. Wanaomtetea husema kwamba mtu mpole ndani ya serikali alifaa kuliko mkali aliye kizuizini, na kwamba jina lake halikuhusishwa na uporaji uliowachafua wenzake wengi. Sehemu ya pili ya utetezi huo inajulikana sana Embu. Sehemu ya kwanza kila msomaji ataipima mwenyewe.

Bunge lilikuwa na njia nyingine ya kuhoji matumizi, polepole lakini yenye meno kiasi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika ripoti, nayo Kamati ya Hesabu za Umma ikawaita makatibu wakuu kueleza fedha zilizotumika bila idhini au bila risiti. Kasoro ilikuwa muda. Mara nyingi hesabu zilifika mbele ya kamati miaka kadhaa baada ya fedha kuliwa, katibu mkuu ameshahamishwa na faili limepotea. Makadirio ya matumizi nayo yalipewa idadi maalumu ya siku. Siku zilipokwisha, wizara ambazo hazijajadiliwa zilipitishiwa mabilioni yao bila neno. Waziri mwenye bahati, au aliyepangwa vizuri na wakubwa, aliweza kukaa miaka bila matumizi ya wizara yake kuguswa.

Chini ya Rais Daniel arap Moi, Nyagah aliendelea katika Baraza la Mawaziri, akihamishwa wizara hii na ile, huku Bunge likipungua sauti. Mwaka wa 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na mwaka wa 1988 wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea. Katika Bunge lililotokana na mlolongo huo, kuuliza swali kali kulihitaji moyo, kwa maana chama kilichoweza kumfukuza mwanachama kiliweza pia kumvua kiti. Nyagah alistaafu mwaka wa 1992, uchaguzi wa vyama vingi uliporudi. Katika uchaguzi huo Runyenjes ilimtuma Bungeni Njeru Kathangu wa Ford-Asili, mpinzani asiyefanana na mzee Nyagah kwa sauti wala kwa mbinu.

Uzeeni alikaa aone mambo yakigeuka. Mwanawe Joseph aliwakilisha Gachoka tangu mwaka wa 1997. Nahashon alikuwa gavana wa Benki Kuu kati ya 2001 na 2003. Norman, akiwa mbunge wa Kamukunji, alikuwa kiranja wa serikali katika Bunge lililochaguliwa mwaka wa 2002, kazi yake ikiwa kuhakikisha kura za serikali hazipotei.

Ni katika Bunge hilo ambapo swali kutoka upande huu wa mlima lilitikisa nchi. Mwaka wa 2004 Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri huko Meru, alifikisha Bungeni nyaraka za mkataba wa kuchapisha pasipoti uliopewa kampuni ya Anglo Leasing, wa thamani ya takriban Sh2.7 bilioni, ilhali kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaka sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Aliyekuwa Waziri wa Fedha ni David Mwiraria wa Imenti Kaskazini, Mmeru mwenzake. Ukabila ambao wengi walidhani ungemziba mdomo mwulizaji haukumziba. Mwiraria alijiuzulu Februari 2006. Jambo lililomtofautisha Maore na waulizaji wa miaka ya 1970 halikuwa ushujaa, kwa kuwa Shikuku alikuwa nao tele. Maore alikuwa na karatasi mkononi, na hapakuwa tena na sheria ya kumweka kizuizini kwa kuwa nazo.

Jeremiah Nyagah alifariki Aprili 2008 akiwa na umri wa miaka 87. Nchi ilikuwa bado ikihesabu waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba, na Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakivutana juu ya orodha ya mawaziri wa serikali ya muungano. Orodha ilitangazwa mwezi huo huo, ikiwa na mawaziri 40. Mmoja wao alikuwa Joseph Nyagah. Alipewa Wizara ya Ushirika, ambayo vyama vya kahawa vya Embu viko chini yake, na Bunge liliporudi vikaoni alianza kuulizwa maswali.